Kumfuata John Sevier milimani: kutoka Kings Mountain mpaka Chota

Nimesharudi Charlotte, daftari lipo mezani na picha za simu nimezipanga kwa tarehe, basi nawaandikia safari yetu ya mwezi wa tano 2025. Tulikuwa wawili, mimi na binamu yangu ambaye anaendesha lori kubwa na barabara za huku anazijua kuliko mi ninavyoijua Tanga yetu, na tulichokuwa tunakifuata ni maisha ya mtu mmoja, John Sevier.

Kwa asiyemjua: alizaliwa Virginia 1745, akahamia magharibi ya milima ya Appalachia na familia yake mwishoni mwa 1773, akawa kanali wa wanamgambo wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, afu akawa gavana wa jimbo ambalo halikutambuliwa na mtu, jimbo la Franklin, na baadae gavana wa kwanza kabisa wa Tennessee. Ukitoka kwetu, habari ya askari kutoka vitani akaingia kwenye siasa na jina lake la vita likawa ndo kampeni yake haikushangazi. Mi nilitaka kuona kwa macho ilivyofanyika huku, nani walimbeba, na gharama yake aliilipa nani.

Alhamisi tarehe 15: Charlotte, Kings Mountain, Morganton

Tulitoka saa moja na nusu asubuhi, I-85 kuelekea kusini, foleni ya Gastonia ikatula nusu saa. Tenki tulijaza kabla ya kuondoka, galoni karibu dola 3. Mbuga ya Kings Mountain unaifikia kwa kutoka exit namba 2 upande wa North Carolina, afu barabara ya 216 inakuvusha mpaka South Carolina bila hata kujua. Kiingilio bure, parking bure.

Kuna njia ya lami ya maili moja na nusu inayozunguka kilima. Sio mlima wa kutisha, ni mgongo mrefu wenye miti mingi. Hapo tarehe 7 Oktoba 1780 Meja Patrick Ferguson alipanga watu wake kama 1,100 juu, wote ni Wamarekani waliobaki upande wa mfalme, Mwingereza akiwa yeye peke yake, tena ni Mskoti. Chini wakaja kama 900, Sevier na kikosi chake wakipanda upande mmoja, Isaac Shelby upande mwingine, William Campbell wa Virginia upande wake. Hawa hawakuwa na sare wala mishahara, kila mtu na bunduki yake ndefu ya kuwindia na farasi wake.

Ukitembea hiyo njia utaelewa kwanini Ferguson alishindwa. Mteremko ni mkali, kwahiyo wa juu wakipiga risasi zinapita juu ya vichwa, na miti inamficha anayepanda. Wakishuka na visu vya bunduki wale wa chini wanarudi nyuma mpaka bondeni, afu wanapanda tena wakijificha mti kwa mti. Dakika 65 kazi imeisha. Upande wa mfalme walikufa 157, waliotekwa karibu 700, upande wa kina Sevier walikufa 28. Na kuna jambo mlinzi wa mbuga alituambia bila kuficha, kwamba bendera nyeupe zilipopandishwa bado watu waliendelea kupigwa risasi, kwa kisasi cha mauaji ya wenzao miezi ya nyuma. Wiki moja baadae njiani wakanyonga mateka tisa.

Ferguson kazikwa hapohapo chini ya rundo la mawe, wageni wanaongeza jiwe wakipita. Ila lililotusimamisha sisi muda mrefu ni jiwe jingine, dogo, la kuwakumbuka weusi waliopigana hapo upande wa uhuru: Esaias Bowman, Andrew Ferguson, na mwingine anayejulikana kwa jina moja tu, Primes. Binamu akavua kofia. Andrew Ferguson huyo alikuwa kijana mdogo tu wakati ule, na aliishi mpaka uzeeni akaja kudai pensheni yake ya vita.

Ushauri: beba maji, njia ina vilima viwili vitatu vya kuchosha, na mzee au mtu wa goti aanze taratibu. Kwenye makumbusho ndani kuna bunduki ya aina aliyoibuni Ferguson mwenyewe, inayojaziwa risasi nyuma, usiipite.

Mchana tukapita mji wa Shelby (ndio, jina la yule yule Isaac Shelby, na kaunti yenyewe inaitwa Cleveland kwa jina la kamanda mwingine wa vita hiyohiyo). Eneo hili msosi wao mkuu ni nguruwe, kuanzia nyama ya kuchoma mpaka kitu cha maini wanakaanga asubuhi, na sisi hatuli, kwahiyo muda mwingi tulikula samaki kambare wa kukaanga na maharage, na dada wa mgahawani tulipomweleza akaenda mwenyewe jikoni kuuliza kama maharage yamewekwa mafuta ya nguruwe. Yalikuwa yamewekwa. Akatuletea viazi na kabichi badala yake na hakutuongezea bei. Sahani mbili na chai ya baridi dola 27 pamoja na bakshishi.

Barabara ya 18 kutoka Shelby mpaka Morganton ni saa nzima ya mashamba na makanisa. Morganton tulilala, moteli dola 74 kabla ya kodi. Jioni tulitembea mpaka kwenye uwanja wa mahakama ya zamani ya kaunti ya Burke. Jengo lenyewe ni la baadae, lakini ni mji huu ambao Sevier aliletwa amefungwa mwaka 1788, kesi ya uhaini kwa ajili ya lile jimbo la Franklin, miaka minane tu baada ya ushindi wa Kings Mountain! Na kilichotokea kinaonyesha siasa yake yote. Sherifu aliyekuwa anamshikilia, William Morrison, alikuwa mpiganaji wa Kings Mountain. Ndugu wawili McDowell, nao watu wa vita hiyohiyo, wakasimama kumdhamini. Kuna wanaosimulia kwa mbwembwe kwamba farasi wake aliletwa mpaka mlangoni akarukia na kutokomea, ila ukiangalia waliomzunguka hapakuhitajika mbwembwe yoyote, nani angemfunga? Mwaka uliofuata alikuwa seneta wa North Carolina, jimbo hilohilo lililomshtaki.

Ijumaa tarehe 16: juu ya milima mpaka Sycamore Shoals

Hii ndo siku niliyoipenda kuliko zote na ndo ilikuwa ngumu. Tulipanda kwa barabara ya 226 kuelekea Spruce Pine, kona baada ya kona, na mabaki ya kimbunga Helene cha mwezi wa tisa 2024 bado yapo wazi kabisa: miti imelala mtoni imeng'oka na mizizi, nyumba zimebaki msingi tu, vyuma vya madaraja vimejikunja. Mara kadhaa tulisimamishwa na watu wa ujenzi wenye kibao cha STOP, dakika kumi, dakika kumi na tano. Binamu alizima injini kila mara na kutoka kuwasalimia. Mmoja akamwambia nyumba ya mama yake ilikwenda na maji ila mama mzima, na bado kila siku anakuja kazini kurudisha barabara ya watu wengine.

Njia tuliyokuwa tunapita ni ile ya wapiganaji ila sisi tulikuwa tunaifuata kinyume. Wao walitoka Sycamore Shoals 26 Septemba 1780, wakavuka milima ya Roan wakikuta theluji juu, wakashuka upande wa Morganton. Sababu ya wao kutoka ni ujumbe wa Ferguson: alituma mateka awaambie watu wa ng'ambo ya milima waache upinzani, la sivyo atavuka, awanyonge viongozi wao na kuchoma nchi yao. Shelby alipoupata akapanda farasi moja kwa moja mpaka kwa Sevier, wakakubaliana hawamsubiri avuke. Sasa pesa hakuna. Wakamwendea John Adair, ambaye alikuwa anakusanya pesa za serikali za viwanja, akawakopesha hizo hizo pesa za serikali, na Sevier na Shelby wakaahidi kuzilipa wenyewe kama bunge halitakubali. Baruti ilitengenezwa na mwanamke, Mary Patton, ratili 500.

Tukiwa tunaingia 19E karibu na Plumtree tairi la nyuma kulia likaanza kupiga kelele. Kumbe msumari. Njia hiyo mtandao wa simu hamna, bega la barabara ni jembamba, malori ya mawe yanapita. Haikuchukua dakika tano akasimama mzee na pikapu yake, hakuuliza sisi ni kina nani wala tumetoka wapi, akaweka taa zake za dharura nyuma yetu, akatoa jeki nzuri kuliko ile ya kwenye gari letu. Tulipomaliza binamu akampa noti ya 20 akaikataa kabisa, akasema mwaka jana walikuja watu kutoka kila jimbo kuwatoa kwenye tope na hakuna aliyewatoza. Alipojua tunamtafuta Sevier ndo akafurahi, akatuonyesha kwa kidole kwamba upande ule, karibu na mto, kazikwa Robert Sevier, mdogo wake John, aliyepigwa risasi Kings Mountain na kufia njiani wakirudi. Nilikuwa nimesoma hilo, lakini kuambiwa pale pale barabarani na mtu mwenye grisi mikononi, roho ilinisisimka.

Tairi lilizibwa Roan Mountain, dola 20. Tukiwa tunasubiri tukaenda kwa miguu na lifti kidogo mpaka Shelving Rock, mwamba uliotokeza kama bati la baraza pembeni ya barabara ya 143. Usiku wa kwanza wa safari yao walihifadhi baruti chini yake isilowe. Niliingia chini, nikainua mkono, mwamba naugusa bila kujinyoosha, na pamoja na kwamba jana yake mvua ilinyesha udongo wa chini ulikuwa mkavu kabisa, vumbi. Hakuna kiingilio, hakuna mlinzi, kuna bango tu, ni rahisi sana kuupita usipopunguza mwendo.

Sycamore Shoals ipo Elizabethton, ukishafika Tennessee tayari. Kiingilio bure pia. Kuna ngome ya magogo iliyojengwa kwa mfano wa ile ya zamani, makumbusho madogo lakini yamepangwa vizuri, na mto Watauga unapita juu ya mawe kwa sauti. Hapa mambo matatu makubwa yalitokea sehemu moja. Mwaka 1772 wahamiaji waliunda serikali yao ndogo kwa makubaliano yao wenyewe, bila ruhusa ya mfalme, na ardhi yenyewe ikiwa ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa huku, waliyokodishwa. Machi 1775 Richard Henderson na kampuni yake wakanunua kwa bidhaa za pauni 10,000 eneo la ekari kama milioni 20 kutoka kwa wazee wa Cherokee, na kijana mmoja kiongozi, Dragging Canoe, akakataa na kuondoka kwa hasira. Na Septemba 1780 wapiganaji wakakusanyika, mchungaji Samuel Doak akawaombea kwa habari ya upanga wa Bwana na wa Gideoni.

Kati ya hayo, Julai 1776, Wacherokee waliizingira ngome. Wanasimulia kwamba binti mmoja, Catherine Sherrill, alikuwa nje akakimbia mpaka ukutani na Sevier akamvuta juu kwa mkono. Mke wa kwanza wa Sevier, Sarah, alimzalia watoto kumi, akafariki mapema 1780, na Agosti mwaka huohuo akamuoa huyo Catherine, wiki chache kabla ya kwenda vitani. Watoto nane zaidi. Jumla 18.

Kinachosahaulika ni aliyewaokoa kweli watu wa ngome: Nancy Ward, mwanamke mwenye cheo kikubwa kwa Wacherokee, ndiye aliyetuma habari mapema kwamba mashambulizi yanakuja. Mpaka leo nawaza alivyojisikia miaka minne baadae, Sevier alipokwenda kuchoma miji yao.

Tulisali Ijumaa yetu kwa kifupi, kisafari, kwenye nyasi kando ya mto, na familia iliyokuwa inakula karibu ikazima muziki bila kuombwa.

Jumamosi tarehe 17: Johnson City na Jonesborough

Tulilala Johnson City, dola 81, wikiendi bei inapanda, bukini mapema. Asubuhi tukaenda Tipton-Haynes, shamba la zamani ambalo sasa ni makumbusho, kiingilio hakikufika dola 10 kwa mtu na mwongozaji anakuzungusha mwenyewe.

Hapa lazima nieleze Franklin. Baada ya vita, North Carolina iliamua kuikabidhi ardhi yake ya magharibi kwa serikali kuu ili kupunguza madeni, watu wa ng'ambo wakaona wametupwa. Agosti 1784 wakakutana Jonesborough wakatangaza wanaunda jimbo lao. Mwaka 1785 Sevier akawa gavana. Wakaomba kuingia kwenye Muungano wa Marekani, majimbo saba yakakubali, walihitaji tisa. Jina wakachukua la Benjamin Franklin, mwanasiasa maarufu wa zama zile, wakitumaini atawasaidia, yule mzee akawajibu kwa upole kwamba wakaelewane na North Carolina. Noti hakuna, kwahiyo sheria yao ikaruhusu kodi zilipwe kwa ngozi za wanyama, kitani, nta, bekoni na wiski ya rai.

North Carolina ikabadili mawazo ikairudisha ardhi yake, basi ikawa serikali mbili juu ya watu walewale, mahakama mbili, masherifu wawili, ukifunga ndoa hujui umefungiwa na nani. Kiongozi wa upande wa North Carolina ni John Tipton, mwenye shamba hili. Februari 1788 sherifu alikuja kwa amri ya mahakama ya upande huo akachukua mali ya Sevier kwa deni la kodi akaileta hapa kwa Tipton. Sevier akaja na watu kama 150 akaizingira nyumba, theluji ikianguka, risasi chache, wakafa watu wachache, wanawe wawili wa Sevier wakakamatwa na Tipton akataka kuwanyonga mpaka wenzake wakamzuia. Hayo ndo wanayaita mapigano ya Franklin na ndo yaliyoimaliza serikali ile.

Sasa hiyo mali iliyochukuliwa ni nini? Ni watu. Watumwa wa Sevier. Nilimuuliza mwongozaji, mama mtu mzima, walikuwa wangapi na majina yao nani, akanitazama, akasema mwanangu, hilo swali wageni hawaniulizi. Akatupeleka kwenye kibanda cha mbao pale uani, cha George Haynes, aliyekuwa mtumwa wa familia iliyofuata kumiliki shamba, akatuacha humo ndani kwa muda wetu. Chumba kimoja na jiko la mawe. Kwa mimi hapo ndo katikati ya safari nzima. Watu walikuwa tayari kuuana kwa ajili ya uhuru wa jimbo lao, kilichowasha moto ni binadamu waliohesabiwa pamoja na kodi, na katika simulizi zote nilizozisoma hawa ndo hawaongei.

Jonesborough ni mwendo mfupi, mji mkongwe kuliko yote Tennessee, wa 1779, na umetunzwa. Ni hapa kila mwezi wa kumi tangu 1973 kunafanyika tamasha kubwa la wasimulia hadithi, watu wanakaa kwenye mahema wanasikiliza mtu mmoja anaongea tu. Ni hapa pia, mwaka 1820, Elihu Embree alichapa gazeti zima la kupinga utumwa, The Emancipator. Mji uleule Sevier alipofanya siasa zake! Kwahiyo mtu asituambie kwamba zama zile hakuna aliyejua kuwa ni dhuluma.

Chakula: keki ya tufaha na kahawa barazani, dola 11. Parking nyuma ya barabara kuu bure, mbele utazunguka bure pia lakini kwa maana nyingine.

Jumapili tarehe 18: Greeneville, Sevierville, Knoxville

Greeneville ilikuwa makao makuu ya pili ya Franklin na wamejenga kibanda cha magogo kwa mfano wa bunge lao. Kidogo mno. Dakika ishirini zinatosha. Mto Nolichucky ambao Sevier aliishi kando yake mpaka akapewa jina la utani Nolichucky Jack ndo uliofurika vibaya na Helene, madaraja ya kaunti hii yalikwenda, kwahiyo ramani ya simu msiiamini moja kwa moja, fuateni vibao vya njia ya kuzunguka.

Kutoka hapo tukapita Newport mpaka Sevierville, mji na kaunti vyenye jina lake. Watu wamejaa maana ndo mlango wa milima ya Smoky, na mbele ya mahakama ipo sanamu ya mwimbaji Dolly Parton, mzaliwa wa kaunti hii, foleni ya kupiga nayo picha. Nje kidogo ya mji ni Boyd's Creek. Desemba 1780, miezi miwili tu baada ya Kings Mountain, Sevier aliwapiga Wacherokee hapo, afu akaungana na Arthur Campbell wakaenda kuchoma miji yao mmoja baada ya mwingine. Kuna bango la barabarani, gari zinapita kasi, hakuna pa kusimama vizuri.

Knoxville tulipokelewa na mama mmoja wa Uvira ambaye binamu anamfahamu kwa njia ya kazi, mji huu una Wakongo na Warundi wengi wanaoongea Kiswahili. Ukikanyaga mlangoni tu: “Karibuni, muingie, musiogope, iko sombe na ugali.” Na samaki. Baada ya siku zote za viazi sitaki kueleza tulivyokula. Akaniuliza, “Baba, na wewe uko unatafuta kaburi ya nani huku?” Nikamwambia. Mwanae wa sekondari akadakia kwamba Sevier wamesoma darasani, gavana wa kwanza, akamtajia mama yake mwaka, 1796, Tennessee ilivyoingia kwenye Muungano tarehe 1 Juni. Mama akasikiliza, akauliza swali moja tu: alikuwa askari, na watu wakamchagua kwa kupenda ama kwa kuogopa?

Kwa kupenda, mama, na kwa ardhi. Ndo jibu nililompa na bado nalishika. Waliompigia kura ni walewale waliopanda nae Kings Mountain na kuchoma nae miji, na kila kampeni ya vita ilifungua mabonde mengine ya kulima. Akashtakiwa uhaini 1788, akawa seneta 1789, mbunge wa Marekani 1790, brigedia 1791, gavana 1796. Katiba iliruhusu vipindi vitatu vya miaka miwili mfululizo, akamaliza vyote, akapumzika, akarudi 1803 akamaliza vingine vitatu. Katiba hiyohiyo iliwaruhusu wanaume weusi walio huru kupiga kura, haki ambayo walikuja kunyang'anywa 1834.

Jumatatu tarehe 19: Knoxville

Mwana wa mama alikuwa shule, mama mwenyewe akaja nasi mjini. Kaburi lipo kwenye uwanja wa mahakama ya zamani ya kaunti ya Knox, mnara mrefu wa jiwe jeupe, na pembeni kalala Catherine. Sevier alifia mbali, karibu na Fort Decatur ambako sasa ni Alabama, tarehe 24 Septemba 1815, siku moja baada ya kutimiza miaka 70, akiwa kazini anapima mpaka wa ardhi ya Wacreek, wenyeji wengine wa asili. Mwaka 1889 wakaenda kumfukua wakamleta hapa. Mke wake aliletwa 1922.

Jiwe linasema mapambano 35, ushindi 35. Tukalizunguka pande zote nne, mama akiwa ananiuliza kila upande umeandikwa nini na mi namtafsiria. Tulipomaliza akauliza, “Na wale wenye udongo, jina yao iko wapi?” Hakuna, mama.

Mtaa huohuo wa mahakama, Oktoba 1803, Sevier na Andrew Jackson karibu wauane mchana kweupe. Mwaka uliotangulia waligombea ujenerali wa wanamgambo kura zikalingana, gavana wa wakati huo akampa Jackson, ambaye vita ya uhuru ilimkuta bado mtoto. Sevier hilo hakulimeza. Jackson akaibua tuhuma za udanganyifu wa hati za ardhi, Sevier akamjibu hadharani kwa kumtaja mkewe Rachel kwa matusi, silaha zikatolewa. Baadae wakapangana wapigane rasmi, wakaishia kutukanana porini na farasi wa Sevier kukimbia na bastola zake. Tuhuma za ardhi hazikumwangusha. Uchaguzi wa ugavana wa mwaka huohuo alishinda.

Mchana tulifika Marble Springs, shamba lake kusini ya mji, tukaangalia kwa nje maana sio siku ya kufungua, nyie pigeni simu kwanza. Ile nyumba ya magogo iliyoitwa ya Sevier kwa miaka mingi, watafiti walipima pete za miti ya magogo yake wakakuta imejengwa baada ya yeye kufa. Wenye makumbusho wameliweka wazi, nawaheshimu kwa hilo.

Jumanne tarehe 20: Chota, na kurudi

Kutoka Knoxville mpaka Vonore ni kama saa moja, afu barabara nyembamba kando ya ziwa Tellico, mwisho unatembea kidogo msituni. Chota ulikuwa mji mkuu wa Wacherokee, ndo uliochomwa Desemba 1780 kwenye ile kampeni, katikati ya baridi, mahindi ya akiba yakiteketea pamoja na nyumba. Sehemu kubwa ya bonde ilizamishwa na bwawa la 1979, sehemu ya jumba la baraza wakaiinua kwa udongo wakasimamisha nguzo nane, saba za koo zao na moja ya taifa lote. Kaburi la Oconostota, kiongozi wao wa vita, lipo hapo. Tuliwakuta wavuvi wawili tu. Juu ya kaburi watu wameacha sarafu, tumbaku kwenye vijikaratasi, shanga nyekundu. Binamu, ambaye safari nzima alikuwa anasoma kila bango kwa sauti, hapa alisoma kimya.

Mwaka 1788 Wacherokee walipoteza pia mzee wao mkuu wa amani, Old Tassel, aliyeuliwa chini ya bendera nyeupe na watu wa kikosi cha Sevier, yeye mwenyewe akiwa hayupo pale. Alisema hakuamuru. Waliofanya hawakuadhibiwa, na kama nilivyowaambia, mwaka uliofuata alikuwa seneta.

Kurudi tulipita I-40 kwenye korongo la mto Pigeon, kipande kilichokatwa na Helene, tulipopita ilikuwa njia moja kwenda na moja kurudi, kasi maili 35, kama maili 12 hivi. Tulitumia saa nzima na dakika kadhaa. Malori makubwa kama ya binamu yaliruhusiwa ila hapakuwa na bega wala pa kusimama, kwahiyo chooni nendeni kabla na mafuta yawe ya kutosha.

Hesabu kwa watu wawili: mafuta kama dola 105, malazi usiku wa kulipia tuliogawana kila mtu alitoa chini ya dola 125, chakula kwa siku dola 40 mpaka 50 wote, viingilio ni hela ndogo sana maana karibu kila kitu bure. Wakati mzuri ni mwezi wa tano au wa kumi. Mwishoni mwa mwezi wa tisa wapo wanaotembea njia nzima ya wapiganaji, maili 330, kwa mavazi ya zamani, mtu anaweza kujiunga kipande kimoja. Na anayetaka kumaliza habari kwa mpangilio wake, aunganishe na Alabama, Fort Decatur karibu na mto Tallapoosa, kutoka Knoxville ni masaa matano mpaka sita kwa gari. Sisi hatujafika huko, likizo ya binamu iliisha.